Taji kwa Mfalme, Daftari kwa Bodi

Huenda hujui, lakini wewe unayesoma hii ukiwa Roysambu au Likoni una mfalme. Ufalme unaitwa Drachenwald, na ramani yake inachukua Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika nzima. Hakuna aliyekuuliza. Tulia lakini, hakuna anayekudai kodi. Ni ufalme wa mchezo, mmoja kati ya falme 20 za Society for Creative Anachronism, SCA kwa kifupi, chama cha watu wanaovaa, kupika, kucheza densi na kupigana kama watu wa zamani, hasa wa Ulaya kabla ya karne ya 17.

Ni rahisi kuwacheka. Watu wazima wenye kazi zao, wamevaa deraya, wanachapana kwa fimbo za henzirani! Mimi sicheki, kwa sababu siasa yao naijua. Ni ile ile tunayobishania huku: mamlaka yakae katikati ama yashuke mashinani?

Chama kilianza Mei 1966 kama sherehe ya uani huko Berkeley, California. Mwaka 1968 kikasajiliwa kama shirika lisilo la faida, na tangu hapo kina nyuso mbili. Mbele yuko mfalme: ameshinda mashindano ya kupigana, anatawala miezi michache, anampisha mwingine. Nyuma iko bodi ya wakurugenzi. Hiyo bodi haipigiwi kura. Wanachama hupendekeza majina, lakini wanaoteua ni wajumbe walioko. Na kwenye mpangilio wa sheria zao, sheria ya ufalme iko chini ya kanuni za shirika. Kwa hivyo mfalme anaweza kukupa cheo na watu wote wakuinamie, lakini karatasi ya bodi moja tu inamfunga.

Sasa, mikoa ikitaka kujitawala inafanya nini? Njia rasmi ni ngazi. Kikundi kidogo kinakua kinakuwa ubaroni, maeneo yanaungana chini ya mwanamfalme, na mwishowe, bodi ikikubali, yanakuwa ufalme. Lochac, ambayo leo ni Australia na New Zealand, ilikuwa chini ya ufalme wa West, wenye makao California, hadi 2002. Avacal ya magharibi mwa Kanada ilipanda 2015. Wenyeji walishangilia, na walikuwa na haki. Kusubiri mfalme avuke bahari ndiyo akutunuku cheo si maisha.

Shida yangu na mapendekezo ya aina hii ni kwamba yanaomba taji wakati kilichokosekana ni daftari. Mwaka 2011 shirika lilikubali kulipa dola milioni 1.3 kumaliza kesi ya watoto waliodhulumiwa na mtu aliyekuwa kiongozi ndani ya chama huko Pennsylvania. Matawi ya mbali, ambayo hayakuwahi kumwona huyo mtu, yakatakiwa kuchangia. Hapo ndipo wengi waligundua kitu kilichokuwa wazi tangu zamani: kisheria, hela ya harambee yenu ya keki na mahema ni hela ya shirika. Ufalme ni jina zuri la tawi.

Kenya tulishapitia hii. Majimbo ya 1963 yalikuwa na mabunge na marais wao, lakini yalinyimwa pesa na kufikia mwisho wa 1964 yalikuwa yamekwisha. Waliotunga Katiba ya 2010 hawakurudia kosa hilo. Waliandika asilimia: kaunti zipate angalau 15 kwa mia ya mapato ya taifa. Gavana wako anaweza kuwa bure kabisa, lakini hiyo asilimia inakupa kitu cha kumdai.

Ndiyo maana mfano ninaoupenda zaidi ndani ya SCA hauna taji. Australia na New Zealand zina mashirika yao yaliyosajiliwa nyumbani, kila nchi lake, yenye makubaliano na lile la Marekani. Mfalme wa Lochac ni mmoja, ila vitabu vya hesabu ni viwili. Mpaka wa mchezo si lazima uwe mpaka wa akaunti. Pendekezo lolote la kujitawala lisiloanzia hapo, kwangu ni la mapambo.

Wapinzani wana hoja, na si ndogo. Bima ni ghali kwa kikundi cha watu 30. Sheria za usalama wa kupigana lazima zifanane, la sivyo mtu atavunjwa shingo. Zaidi ya yote, mfalme wa mahali padogo ana marafiki. Ukidhulumiwa na rafiki wa mfalme, na mwamuzi ni mfalme, utaenda wapi? Kesi ya 2011 inauma pande zote: inaonyesha kwa nini pesa zitenganishwe, na pia kwa nini mtoto asiachiwe ulinzi wa kijiji peke yake. Kwa hivyo rufaa na usalama vibaki juu. Pesa zishuke, na bodi ichaguliwe na mikoa.

Kinachonishangaza ni kwamba jibu liko ndani ya zama wanazozipenda. Mwaka 1215, pale Runnymede, mabaroni wa Uingereza walimlazimisha mfalme John akubali Magna Carta, na ndani yake kulikuwa na kifungu cha mabaroni 25 wa kumchunga, wenye ruhusa ya kumnyang'anya mali akivunja ahadi. Kifungu hicho hakikudumu, sawa. Lakini watu wanaoweza kukushonea joho la mwaka huo, uzi kwa uzi, wanakijua vizuri kuliko mimi. Wamechukua nguo, vyakula, ngao na vyeo. Wale 25 wamewaacha kwenye vitabu, na kila mkoa unaochoka na bodi unarudi kuomba mfalme mwingine.