Vazi Lisilomficha Mtu: Uchambuzi wa Hitman: Absolution

Wasomaji waliokwisha kuucheza mchezo huu wanakikumbuka kituo kile cha garimoshi cha Chicago, ambamo askari polisi wametapakaa kila pembe wakimsaka mtu mwenye kipara, na wanajua pia kwamba mtu huyo, Agent 47, akifaulu kumvuta askari mmoja faraghani, akamlaza, akamvua sare na kuivaa yeye mwenyewe mpaka kofia, hapati kwa taabu yake hiyo hata nukta moja ya amani. Kwa maana kila askari aliyepo, wa karibu na wa mbali, humkazia macho na kuanza kumshuku, na shuku ile isipokatizwa mapema hugeuka kuwa risasi. Wanaodanganyika na sare ni abiria, ambao hawana haja naye; wale ambao sare ilivaliwa kwa ajili yao hawadanganyiki. Sikumbuki katika michezo ya kunyemelea uamuzi uliokuwa dhahiri shahiri kwa upotovu kama huu, na kwa kuwa walioufanya ni IO Interactive wa Copenhagen, mafundi wale wale waliowafundisha walimwengu kujigeuza kwa mavazi tangu mwaka 2000, taksiri yao haina udhuru.

Kanuni yenyewe ni fupi. Aliyevaa libasi ya kundi fulani hushukiwa na kila mtu wa kundi lile: polisi humshuku polisi, mpishi humshuku mpishi, mlinzi humshuku mlinzi. Ili apite, mchezaji hushikilia kitufe cha Instinct, naye 47 akainamisha kichwa na kuinua mkono usoni kana kwamba anaiweka sawa kofia yake, na muda wote afanyapo hivyo kipimo cha Instinct huwa kinapungua. Kikiisha, hadaa nayo imekwisha. Tazama basi stihizai iliyoje: mtu aliyekuwa akipita kwa utulivu analazimishwa kuufunika uso kwa kiganja mbele ya wenziwe wa kazi, mwendo ambao kwa watu wenye akili timamu ungewafanya wamshike bega na kumwuliza amepatwa na nini. Kitendo chenye kuleta shaka kimefanywa kuwa dawa ya shaka.

Watetezi wa kanuni hii, nao si wachache, husema kwamba watu wa kazi moja hujuana nyuso. Katika jiko lenye wapishi watatu hoja hiyo ningeipokea bila ya ubishi, na laiti ingalikomea huko nisingaliona sababu ya kushika kalamu. Lakini idara ya polisi ya Chicago ni mojawapo ya idara kubwa kabisa za Marekani, yenye askari zaidi ya 10,000, na katika usiku wa msako kama ule askari wa mtaa huu huchanganyika na wa mtaa ule ambao hawajapata kuonana tangu kuzaliwa. Hapo ndipo sare ifanyapo kazi yake, kwa kuwa wote hutazama nguo na hakuna atazamaye uso. Mtu asiyealikwa hula pilau kwa raha zaidi katika harusi kubwa kuliko katika ndogo, kwa kuwa wa upande wa bibi harusi humdhania kuwa ni wa upande wa bwana, na wa upande wa bwana humdhania kuwa ni wa upande wa bibi. Absolution imeipindua hali hii juu chini: kadiri kundi linavyozidi kuwa kubwa ndivyo macho ya kukushuku yanavyozidi, na mgeni hutambulikana na mia upesi kuliko anavyotambulikana na wawili.

Natija yake ni kwamba vazi lililo bora katika mchezo wa kujificha limekuwa vazi ambalo hakuna mwingine alivaaye. Ukijigeuza sanamu ya kutishia ndege katika shamba la mahindi, au mpigana mieleka mwenye jina lake ulingoni, unastarehe, kwa kuwa hakuna sanamu wala mpiganaji mwingine wa aina yako wa kukuhoji. Lakini ukivaa kama walivyovaa watu thelathini, umejitangaza kwa watu thelathini. Kujitofautisha na umma kumekuwa ndiyo sitara, na kufanana nao kumekuwa ndiyo hatari! Mchezaji mwenye busara huligundua hilo mapema, akaacha kuhangaika na nguo za watu, akachutama nyuma ya makasha na kutambaa kutoka ukuta huu hadi ukuta ule kama Sam Fisher au Solid Snake, mabwana wa michezo mingine ya kunyemelea ambao kazi hiyo waliisomea na michezo yao ilijengwa kwa ajili yake. Agent 47 hakuumbwa achutame. Suti yake nyeusi, tai yake nyekundu na mwendo wake wa taratibu vilikuwa vya mtu aingiaye kwa mlango wa mbele na kutoka kwa mlango ule ule.

Fauka ya hayo, kipimo kile kile cha Instinct kinachotumika kuufunika uso ndicho kinachotumika kusimamisha wakati, ukawatia watu alama vichwani na kuwamiminia risasi wote kwa mkupuo mmoja. Wanaonisoma wanajua jinsi nilivyouchukia mtindo huu ulipotiwa katika Splinter Cell: Conviction mwaka 2010, na jinsi nilivyoambiwa kwamba mimi ni mtu wa kale nisiyetaka mambo mapya; sasa mtindo huo umewaambukiza majirani. Hazina moja imewekewa matumizi mawili yanayopingana, kujisitiri na kuchinja, na nani asiyejua ni lipi kati ya mawili hayo litamvutia kijana aliyechoka kukamatwa kwa kosa asilolitenda? Kisha iko daraja ya Purist, ya tano na ya juu kuliko zote, ambayo Instinct imeondolewa kabisa, maana yake wale ambao mchezo unawaheshimu kwa jina la mabingwa ndio walionyang'anywa nyenzo ya pekee ya kulifanya vazi lifae kitu.

Linganisha na Hitman: Blood Money ya mwaka 2006. Ndani ya jumba la opera la Paris, jengo likiwa katika ukarabati na waimbaji wakiwa mazoezini, unavaa nguo za mafundi na kupita kati ya mafundi, wala hakuna anayeinua kichwa; unaibadilisha bastola ya bandia ya mwigizaji kwa bastola ya kweli, na mwimbaji anapigwa risasi jukwaani na mwenziwe mbele ya mashahidi wote, nawe uko mbali na mikono yako ni safi. Mtu asidhani kwamba vazi wakati ule lilikuwa ufunguo wa kila mlango. Nguo za fundi hazikukufikisha kila chumba, silaha isiyolingana na nguo zako ilikufedhehesha mara moja, na penye ukaguzi ulipekuliwa; katika Ikulu ya Marekani mavazi yalikuwa na daraja, ya mtumishi yakakomea hapa na ya Secret Service yakakufikisha kule. Shuku ilikuwa katika mahali uliposimama, katika chombo ulichokishika na katika kitendo ulichokitenda, na hayo yote yalikuwa chini ya mamlaka ya mchezaji, hata akikamatwa ajue amekosea wapi. Absolution imeitoa shuku huko na kuitia katika uso wa 47, kitu ambacho mchezaji hana uwezo wa kukibadilisha.

Atatokea wa kunikumbusha kwamba Hitman ya mwaka 2002, Silent Assassin, nayo ilikuwa na walinzi wenye macho makali. Naam, ilikuwa nao, na palikuwa na nyakati walipotuudhi. Walakini waliokushuku huko walikushuku zaidi kwa kuwakaribia mno au kwa kukimbia mahali ambapo askari wa kweli angetembea, na aliyejifunza kutembea kiaskari alipita. Kama mafundi wa Copenhagen waliona kwamba Blood Money imekuwa nyepesi kupita kiasi, walikuwa na miaka sita ya kutafuta namna ya kuikaza bila ya kuivunja: wangewapa wakuu wa walinzi peke yao uwezo wa kuwatambua wageni, wangeweka maneno ya siri, wangeongeza upekuzi. Wao walichagua njia fupi.

Hata hivyo, haki isemwe: si kila kitu katika Absolution ni kibovu. Levo ya Chinatown, yenye uwanja uliojaa umati, mlengwa mmoja na njia tele za kumwondoa duniani, ni kazi njema. Hali kadhalika sehemu ya mchezo iitwayo Contracts, palipokuwa na ruhusa ya wachezaji kupangiana walengwa wao wenyewe, hata huduma yake ilipofungwa mwaka 2018.

Yaliyosalia hayakunishangaza, kwa kuwa mkono ulioharibu mavazi ni mkono ule ule. Levo nyingi hazina hata mlengwa; kazi ni kutoka mlango huu hadi mlango ule, kisha sinema, kisha mlango mwingine. Hakuna kusevu utakapo, kuna chekipointi, na ukirudi kuanzia chekipointi unawakuta walinzi uliokwisha kuwalaza wamesimama tena kazini wakiwa wazima wa afya. Alama za hesabu zinapanda na kushuka pembeni mwa kioo kila unapotenda jambo, kana kwamba muuaji wa siri ana mwalimu anayemsahihisha daftari. Kuhusu wale masista wenye bunduki na nguo za kubana, waliozusha rabsha kwa tangazo lao la mwaka 2012, yamekwisha kusemwa ya kutosha. La Jesper Kyd nitalisema tena hata kama nimekwisha kulisema mara nyingi: aliitungia muziki michezo minne ya kwanza, akaachwa katika huu wa tano, na sikio linalijua pengo lake tangu dakika za awali. David Bateson, sauti ya 47 tangu mwanzo, naye karibu aachwe, akarejeshwa baada ya wapenzi wa mchezo kupiga kelele. Ni bahati mbaya kwamba hawakupewa wasaa wa kupigia kelele na mavazi.

Mwezi wa Machi mwaka 2013 Square Enix walitangaza kwamba mchezo umeuza nakala milioni 3.6 na kwamba kiasi hicho hakikufikia matarajio yao. Mimi siyo mhasibu na siwezi kudai kwamba sare ya polisi ndiyo iliyowatia hasara. Ninachokiona ni kwamba studio ile ile ilipoutoa mchezo wake uliofuata, uitwao Hitman tu, mwaka 2016, watu wachache katika kila mahali ndio waliopewa uwezo wa kulitambua vazi, kila mmoja wao akawekewa doa jeupe kichwani ili mchezaji amkwepe kwa hiari yake, wengine wote wakaachwa wadanganyike, na ule mkono wa kufunika uso haukuonekana tena.

Kwa hiyo, ndugu msomaji ambaye hujaucheza na ungependa kuujua, ununue kwa bei ya chini, ucheze levo ya Chinatown mpaka uimalize kila njia yake, kisha uufunge na kwenda Paris ya Blood Money.