Bei Moja kwa Msimu Mzima

Msimu wa pamba wa 2021 ulifunguliwa kwa bei ya shilingi 1,050 kwa kilo. Haukupita muda wanunuzi wakaanza kugombea mzigo, bei ikapanda, ikapanda tena. Mkoani Simiyu, ambako hutoka zaidi ya nusu ya pamba ya nchi hii, watu walishukuru Mungu, maana mwaka mmoja nyuma msimu ulikuwa umefunguliwa kwa 810. Mimi nilikuwa kwenye basi kutoka Dar es Salaam, tumeshaacha barabara ya Mwanza pale Mwigumbi, tunaitafuta Maswa na kisha Bariadi. Nilitumwa kubadilisha namba moja.

Kampuni iliyoniajiri ilikuwa imeuza programu ya kupokelea pamba kwenye AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Karani anapima, anaingiza kilo, anachapa stakabadhi. Aliyeitengeneza hakuwahi kusimama kwenye mizani ya pamba, wala hakuna aliyempeleka. Aliambiwa kwamba bei hutangazwa mwanzoni mwa msimu, naye akaiandika bei ndani ya programu yenyewe. Kwa hiyo karani hakuweza kuigusa. Ikibadilika, lazima mtu atoke Dar.

Nikaibadilisha. Asubuhi iliyofuata karani akaniita: "Kaka, njoo uone. Mfumo unasema tunadaiwa na watu tuliokwisha kuwalipa."

Jedwali la mapokezi lilikuwa na jina la mkulima, tarehe, daraja la pamba (safi au fifi) na kilo. Fedha haikuhifadhiwa popote. Kila ripoti ilipofunguliwa, programu ilichukua kilo na kuzizidisha kwa bei iliyopo wakati huo. Chukua mkulima aliyeleta kilo 120 bei ikiwa 1,050. Alilipwa shilingi 126,000, akaweka dole gumba, akaenda zake. Bei ikiwekwa 1,300, ripoti inasema stahili yake ni 156,000, na shilingi 30,000 zinatokea kama deni. Zidisha hilo kwa orodha nzima ya wakulima wa kijiji, halafu fikiria katibu wa AMCOS anayetakiwa kusimama mbele yao kwenye mkutano. Kwenye ushirika, hesabu isiyolingana humfanya mtu aitwe mwizi, na jina hilo halifutiki kwa kubofya kitufe.

Kilichotuokoa ni kaunta buku. Karani, yule dada aliyeniita, hakuwahi kuacha kuliandika, ingawa kampuni yetu ilikuwa imemwambia halihitajiki tena. Kila mstari wake ulikuwa na kilo, bei ya siku ile, jumla, na alama ya dole. Mwaka wa kwanza wa masomo ya hifadhidata tunafundishwa jambo hilohilo: muamala ubebe bei yake, na usibadilike kwa sababu ya jambo lililotokea baadaye. Karani alilijua bila kusomea kompyuta.

Nikaongeza safu mbili kwenye jedwali, moja ya bei na nyingine ya jumla, nikafungua ukurasa wa karani kuingiza bei mpya pamoja na tarehe inapoanza. Kazi yenyewe ilichukua saa chache. Siku mbili zilizofuata karani alinisomea kitabu mstari kwa mstari nami nikiandika, nje punda wakiendelea kushusha mizigo. Mizani ya AMCOS haimsubiri fundi.

Wiki tatu baadaye tatizo likarudi palepale. Ofisi ilikuwa imetuma toleo jipya kwa barua pepe, katibu akalisakinisha kama alivyoelekezwa, na ukurasa wa bei ukatoweka. Marekebisho yangu yalikuwa kwenye kompyuta ile moja tu. Dar hapakuwa na sehemu ya pamoja ya kutunzia msimbo. Kila mshauri alikuwa na nakala yake kwenye flashi, ya Maswa tofauti na ya Bariadi, na meneja alipoulizwa ipi ndiyo halisi alijibu kwa kupanga safari nyingine. Nauli na posho za msimu ule zingetosha kumleta mtengenezaji Simiyu akae wiki nzima kwenye mizani. Nililisema hilo kwa maandishi, mara mbili. Naamini hadi leo kwamba kampuni inayopima kazi ya washauri wake kwa idadi ya safari itaendelea kuzalisha sababu za safari.

Zamu hiyo sikukata tiketi. Nilichukua flashi yangu, nikakaa na mtengenezaji siku nne, tukaingiza safu zile mbili kwenye toleo la wote, kisha tukalijaribu kwa kurasa za kaunta buku nilizokuwa nimezipiga picha. Bei tatu, kijiji kimoja. Jumla zililingana na za dada yule hadi shilingi ya mwisho. Tukalituma Bariadi na Maswa kwa intaneti, na bei ilipopanda tena, karani aliiweka mwenyewe kabla ya kufungua mizani.