Tanuri la kuni uani: anza na unene, umbo litafuata

Anayetaka kujenga tanuri la kuni uani kwake huanza na umbo: liwe kuba au pipa, la matofali au la udongo, dohani iwe ndefu au fupi. Kwa maoni yangu swali la kwanza ni jingine. Moto ukishaondolewa, unataka tanuri liendelee kuoka kwa saa ngapi? Jibu lake ndilo linaloamua unene wa kuta, na unene ndio unaoamua kuni zitakazoteketea kila unapowasha.

Tupige hesabu. Chukua kuba la matofali lenye kipenyo cha sentimita 90 kwa ndani na kimo cha sentimita 45, ukubwa unaotosha familia na wageni wa Jumapili. Kuta zikiwa na unene wa sentimita 11, kuba na sakafu kwa pamoja vinakaribia kilo 450. Kila kilo ya tofali hudai takribani kilojuli moja ili ipande nyuzi moja ya Selsiasi. Kulipandisha tanuri zima kutoka joto la kawaida la mchana hadi nyuzi 350 ni kulilisha karibu megajuli 150. Kuni kavu hutoa megajuli 15 au 16 kwa kilo, kwa hiyo hata kama joto lote lingeingia ukutani, kilo 10 zingekwisha kabla hujaingiza mkate wa kwanza. Na haliingii lote. Sehemu kubwa hutoka na moshi, hivyo andaa mara mbili ya hapo au zaidi. Punguza unene wa kuba hadi sentimita 5, uzito wote unashuka karibu nusu, na kuni nazo zinashuka.

Tanuri nene lina kazi yake. Alan Scott, mjenzi aliyezaliwa Australia na kufanya kazi California, aliyeandika The Bread Builders pamoja na Daniel Wing mwaka 1999, alijenga matanuri mazito kwa makusudi. Ni ya mwokaji anayewasha moto, anazoa makaa, kisha anaoka mikate zamu baada ya zamu kwa joto lililohifadhiwa ukutani. Kwa mtu wa kuoka mwisho wa wiki, uzito huo ni kuni zinazopotea. Na anayetaka mkate wa mofa peke yake hahitaji kuba hata kidogo: tanuri la mofa husimama wima, moto chini na mdomo juu, mkate ukabandikwa ukutani ukaiva upesi. Ila halitamfaa siku akitaka kuoka mikate ya boflo.

Mahali panapoharibu matanuri mengi ni chini ya sakafu. Fundi hulihangaikia kuba kwa sababu ndilo linaloonekana, kisha hupanga matofali ya sakafu moja kwa moja juu ya zege. Zege linanyonya joto mchana kutwa, na pizza inatoka juu imeungua, chini mbichi. Dawa yake ni tabaka la kuzuia joto la kama sentimita 10 kati ya zege na sakafu. Vemikulaiti iliyochanganywa na saruji inafaa sana, na nchini Kenya si kitu kigeni: mafundi wa jiko la kauri huitumia kushikiza chungu cha ndani kwenye bati. Isipopatikana, mawe mepesi ya volkano yaliyopondwa yatafanya kazi, au majivu ya pumba za mpunga, au hata chupa tupu zilizolazwa kwenye udongo uliochanganywa na vumbi la mbao. Kuba nalo livikwe koti la aina hiyo kwa nje. Utajua kazi ilifanyika vizuri moto ukiwa umepamba ndani nawe unaweza kuegemeza kiganja mgongoni mwa tanuri bila kushtuka.

Sasa mlango. Kuba halitobolewi juu. Tundu ni moja tu, na hewa na moshi hupishana hapo hapo. Washa moto, kisha shika chetezo chenye ubani mbele kidogo ya mlango. Kikiwa chini, moshi wake unavutwa ndani kwa kasi. Kipandishe taratibu, utafika mahali moshi unasitasita, na juu ya hapo unasukumwa nje. Mlango ukiwa mrefu mno, hewa ya moto iliyojikusanya juu inamwagika nje. Ukiwa mfupi mno, moto unakosa pumzi. Lise Boily na Jean-François Blanchette, waliochunguza matanuri ya mikate ya Quebec nchini Kanada na kuyaandikia kitabu, walikuta kimo cha mlango kikiwa karibu asilimia 63 ya kimo cha kuba. Kwa kuba letu hilo ni kama sentimita 28. Sufuria ikigoma kupita, tafuta sufuria fupi na pana, mlango uuache. Dohani isimame nje ya mlango huo, mbele ya kuba.

Tanuri jipya bado lina maji ndani, nayo yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Ndiyo maana wiki ya kwanza ni ya moto mdogo, unaoongezwa kidogo kidogo kila siku. Mwenye haraka atapata ufa.

Likishakauka, washa karibu na mlango, moto ukishika usukume katikati. Kuba litajaa masizi meusi. Endelea kulisha. Baada ya muda doa jeupe litatokea juu kabisa, kisha litashuka pande zote: masizi yanaungua, uso wa tofali umepita nyuzi 350. Wengi huishia hapo, ilhali ni uso tu uliopata moto. Kwa pizza, sogeza moto pembeni, uache mwali uwake, nayo itaiva kwa dakika mbili hivi. Kwa mkate, tandaza makaa sakafu nzima, yazoe baadaye, pangusa kwa kitambaa chenye maji, kisha ufunge mlango kama saa moja ili joto lisambae sawasawa. Nyunyiza unga sakafuni: ukiwa mweusi papo hapo, subiri, ukigeuka kahawia taratibu, ingiza mkate. Baada ya mkate ni zamu ya nyama, na maharage yalale humo usiku.

Kuni ziwe kavu na zimepasuliwa nyembamba, unene wa kifundo cha mkono. Mvinje pwani, mkaratusi au muwati nyanda za juu, zote zinafaa zikikauka. Vipande viwili vikigonganishwa vitoe mlio mkali. Mbao zenye rangi na nguzo zilizotiwa dawa zisikaribie kabisa, kwa maana shaba, kromiamu na aseniki ya dawa hiyo hubaki kwenye majivu, na majivu hayo yako mahali unapoweka mkate.

Lijengee paa. Mvua za masika hupenya kwenye koti la kuzuia joto, na koti lililolowa halizuii chochote. Likinyeshewa, rudia moto mdogo siku mbili tatu kabla ya kuoka tena.