Msimbo wa Mgeni Ndani ya Simu: Namna ya Kuitambua Kazi ya Fundi

Juni 2021 Safaricom ilizindua apu mpya ya M-Pesa iliyobeba apu nyingine ndogo ndani yake, mteja akaweza kupata huduma za kampuni tofauti bila kutoka alipo. WeChat ya China ilikuwa imeanza mtindo huo Januari 2017. Mtumiaji anachokiona ni urahisi. Msanidi programu anaona jambo jingine: apu inayoshika pesa za watu imekubali kuendesha msimbo ambao mwenye apu hakuuandika.

Si apu za pesa peke yake. Roblox huendesha kwenye simu michezo iliyoandikwa na yeyote, wakiwemo watoto. Matangazo huja na maktaba zake, na hata fonti au picha inayotumwa ni kazi ya mtu mwingine inayofunguliwa ndani ya simu. Kila muuzaji wa mfumo wa namna hii husema kizimba chake, yaani mahali pa kufungia msimbo huo wa mgeni, ni imara. Kuna mahali pa kutazama ili kujua kama anasema kweli.

Pa kwanza ni makazi: mgeni anakaa wapi? Android huipa kila apu namba yake ya mtumiaji, na kiini cha mfumo huzuia apu moja kusoma mafaili ya nyingine. Ukuta huo ni mzuri, ila unatenganisha nyumba na nyumba, haugawi vyumba. Agosti 2019 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza kuwa ndani ya CamScanner, apu ya kupiga picha nyaraka iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 100, kulikuwa na maktaba ya matangazo yenye kazi ya kuleta msimbo mwingine hasidi. Watu walikuwa wameitumia apu hiyo kwa miaka bila shida. Lakini Android haikuwa na namna ya kuitofautisha maktaba na mwenyeji wake, kwa hiyo ruhusa alizopewa mmoja zilikuwa za wote wawili.

Fundi hodari humtenga mgeni katika mchakato wake mwenyewe. Tangu Android 4.1 ya mwaka 2012, msanidi anaweza kuanzisha huduma iliyotengwa, isiyorithi ruhusa hata moja ya apu. Tangu Android 8 ya 2017, sehemu ya WebView, kivinjari cha ndani ya apu, inayochora kurasa hukaa mbali na apu iliyoiita. Kwenye iPhone, WKWebView ilileta utengano huo mwaka 2014, wakati UIWebView iliyoitangulia ilifanya kazi ndani ya apu yenyewe. Dalili yake huonekana hata bila kusoma msimbo: apu ndogo ikianguka, je, apu kubwa inabaki imesimama? Zikianguka pamoja, huenda zinalala kitanda kimoja.

Pa pili ni lugha ambayo mgeni anaruhusiwa kuizungumza. Google Play na App Store zote zinakataza apu kupakua msimbo wa mashine kutoka kando, lakini zinaacha nafasi kwa msimbo unaosomwa na mkalimani, kama JavaScript, kwa masharti. Sababu inaeleweka kwa kisa cha Charlie Miller. Mwaka 2011 mtafiti huyo aliweka App Store apu ya bei za hisa iitwayo InstaStock. Ilipita ukaguzi, kisha ikaleta msimbo usio na saini kutoka kwenye seva yake na kuuendesha, kwa kutumia tundu katika ruhusa maalumu ambayo Apple iliitoa ili JavaScript iende kasi kwenye kivinjari. Apple ilimfungia akaunti ya msanidi na ikaziba tundu.

Hata mkalimani ana udhaifu wake. Lua, lugha ipendwayo na watengeneza michezo, inaweza kupokea msimbo kama maandishi au kama baitikodi iliyokwisha kutafsiriwa. Tangu toleo la 5.2 haina tena mkaguzi wa baitikodi, hivyo faili lililoghushiwa linaweza kumwangusha mkalimani mwenyewe au kufanya mabaya zaidi. Mtu anayeijua kazi hii hukimbilia mstari mmoja tu: je, wito wa kupakia msimbo umewekewa herufi “t”, yaani maandishi pekee? Kama haipo, sifa nyingine za kizimba hicho zisubiri.

Programu ya usanifu ya Figma ilipitia somo kama hilo mwaka 2019. Ilianza kwa kuwaendesha wageni katika injini ileile ya JavaScript ya kivinjari, ikiwatenga kwa mbinu za lugha. Matundu yalipogunduliwa, wahandisi wake hawakuridhika na viraka. Walihamia QuickJS, mkalimani mdogo aliyeandikwa na Fabrice Bellard, wakamweka ndani ya WebAssembly, aina ya msimbo usioweza kugusa kumbukumbu nje ya eneo lake. Mgeni akabaki na injini yake mwenyewe, isiyochangia chochote na ya mwenyeji.

Pa tatu ni daraja, na hapa ndipo penye kazi kubwa. Mgeni asiye na mlango wowote hana faida, lazima aweze kuomba kitu. Swali ni anaomba nini, na nani anaitikia. Kabla ya Android 4.2, msanidi aliyetaka ukurasa wa wavuti uzungumze na apu yake alitumia addJavascriptInterface. Alikusudia kutoa kazi moja, tuseme kuonyesha ujumbe. Lakini kila kitu cha Java kina getClass, na kutoka hapo JavaScript iliweza kupanda hadi Runtime na kuita exec, yaani kuendesha amri yoyote kwa ruhusa zote za apu. Daraja la mtu mmoja likapitisha jeshi. Dawa ilikuwa kugeuza kanuni: kwa apu zilizojengwa kwa toleo hilo jipya, kilichopitika ni kile tu ambacho msanidi amekitia alama kwa mkono wake.

Kwa hiyo mkaguzi aombe orodha ya kazi zote za daraja na aisome jina kwa jina. Kazi ya “soma faili” inayopokea njia yoyote ni mbaya. Kazi ya “mwache mtumiaji achague picha moja” ni nzuri, kwa sababu anayeamua ni mwenye simu na mgeni hapati zaidi ya alichopewa. WeChat huenda mbali zaidi: msimbo wa mgeni hukaa katika injini moja na skrini katika nyingine, na mgeni hagusi ukurasa moja kwa moja, hutuma data tu. Kwenye malipo kanuni ni kali zaidi. Kiasi, jina la mpokeaji na sehemu ya kuandika namba ya siri vichorwe na mwenyeji. Mgeni arudishiwe jibu tu, imelipwa au haikulipwa.

Pa nne ni matumizi, na hapachukui muda. Mgeni huweza kuudhi bila kuiba. Mstari wa while (true) {} unatosha kuigandisha apu na kumaliza chaji. QuickJS humpa mwenyeji kikomo cha kumbukumbu na njia ya kumkatiza mgeni katikati ya kazi. Luau, lugha ya Roblox, nayo ina njia ya kumkatiza. Kuwepo kwa vifaa hivyo hakumaanishi vimewashwa.

Pa tano ni njia ya kuingilia. Mwaka 2015 kampuni ya NowSecure ilionyesha kuwa kibodi iliyowekwa kiwandani katika simu za Samsung ilikuwa ikipakua mafurushi ya lugha kwa HTTP isiyofichwa. Mshambuliaji aliye kwenye mtandao uleule wa Wi-Fi aliweza kubadilisha furushi, na majina ya mafaili ndani yake yakaweza kubeba ../ za kutosha kutoka nje ya folda iliyokusudiwa. Kwa kuwa kibodi ilikuwa na mamlaka ya mfumo, faili liliandikwa mahali ambapo apu ya kawaida isingefika. Kazi safi hukagua saini kabla ya kufungua furushi, na hukataa jina lolote linalotoka nje ya folda. Android 14 ya mwaka 2023 imeongeza sharti kwa apu zinazoilenga: faili la msimbo linalopakiwa wakati apu inafanya kazi liwe la kusomwa tu, lisiandikike.

Mahali pa mwisho, ambapo wakaguzi wengi huparuka, ni nje ya kizimba: programu zinazoligusa faili la mgeni kabla halijafika humo. Katika iOS 14 ya mwaka 2020, Apple iliweka kizimba kiitwacho BlastDoor cha kufungulia ujumbe wa iMessage. Kilikuwa kizimba kizuri. Mwaka uliofuata maabara ya utafiti ya Citizen Lab ilipata shambulio lililopewa jina FORCEDENTRY, ikalihusisha na kampuni ya NSO ya Israeli. Faili lilijiita .gif lakini ndani lilikuwa PDF yenye picha ya muundo wa JBIG2. Wachambuzi wa Project Zero, timu ya usalama ya Google, walieleza kwamba washambuliaji walitumia zaidi ya amri 70,000 za kuchora picha kujenga kompyuta ndogo, yenye uwezo wa kujumlisha na kulinganisha, ndani ya kumbukumbu ya programu ya kufungulia picha. Na yote yalifanyika nje ya BlastDoor, katika programu nyingine iliyokuwa ikiandaa picha za GIF. Apple ilirekebisha katika iOS 14.8, Septemba 2021.

Mfano mwema wa kuweka kando yake ni Firefox 95 ya Desemba 2021, ya kompyuta na ya simu. Mozilla ilichukua maktaba kadhaa, miongoni mwao Graphite ya fonti na Hunspell ya tahajia, ikazipitisha kwenye WebAssembly ili zisiguse kumbukumbu nje ya eneo lao. Kisha ikaongeza jambo ambalo wengi hulisahau: kila thamani inayorudi kutoka kwa maktaba huhesabiwa kuwa chafu mpaka mwenyeji aikague, na msimbo usioikagua hukataliwa na kompaila.

Anayeletewa mkataba wa mfumo wa apu ndogo, iwe benki, chama cha ushirika au kampuni ya simu, aombe vitu vitatu kabla ya kutia saini: orodha kamili ya kazi za daraja, onyesho la while (true) {} kwenye simu ya bei nafuu, na maelezo ya kila programu inayogusa faili la mgeni kabla halijafika kizimbani. Muuzaji akileta cheti badala ya orodha, mkataba urudishwe bila saini.