Sanaa Iliyomo Katika Bao

Wako wanaodhani kwamba uzuri wa mchezo ni picha na sauti, kama za michezo ya video wanayoicheza vijana wetu wa Mgogoni katika simu. Sisi twasema sivyo. Bao lina mashimo 32 na kete 64 tu. Halina picha wala bahati nasibu. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Katika namua, akila kete za mwenzake na kumalizia kwenye nyumba yake iliyonona, sharti achague: aihifadhi, au aivunje aendelee? Sanaa imo katika uamuzi huo wenye gharama. Michezo ya video nayo na ipimwe hivyo. Isiyomwachia mchezaji uamuzi wenye uzito ni pambo tupu.