Uzamili wa Tafsiri: Nani Atasoma Kiswahili Chako?

Ninaandika kutoka Tyseley, Birmingham, huku kwenye karakana za treni.

Vijana wetu wa hapa wananiuliza sana kuhusu uzamili wa fasihi, uandishi wa kubuni na tafsiri. Kozi nyingi za Uingereza ni za mwaka mmoja: krediti 180, na kwa kawaida 60 kati ya hizo ni za tasnifu. Mwaka unatosha. Tatizo liko kwingine. Ukifasiri kutoka Kiswahili, msahihishaji anasoma Kiingereza chako tu. Ukifasiri kwenda Kiswahili, mara nyingi hakuna wa kuisoma kabisa. Basi wengi hukimbilia Kiingereza.

Tuchukue mfano. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ilitoka 1994. Ida Hadjivayanis, aliyefundisha Kiswahili SOAS, akaifasiri kuwa Peponi, ikachapishwa 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel. Kwa Kiingereza, Yusuf anamwita tajiri Aziz kwa neno lisilosema kama ni ndugu wa baba au wa mama. Kiswahili hakikupi nafasi hiyo: ni ami au mjomba? Na jambo hili si dogo. Khalil anamkatalia mtoto: huyu si ndugu yako, mwite Seyyid. Kumbe Yusuf kawekwa rehani kwa deni la babake! Udanganyifu wote umejificha ndani ya neno moja la ujamaa. Mwalimu asiyejua Kiswahili atakupa alama gani hapo? Hata swali lenyewe hataliona.

Najua wapo watakaosema, mbona Mwalimu Nyerere hakusomea tafsiri? Ni kweli. Edinburgh, 1949 hadi 1952, alisoma mambo kama historia na uchumi, na bado akamfasiri Shakespeare. Lakini tazameni alichofanya: tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka 1963, akairudia, ikatoka upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Huko kurudia ndiko darasa la tafsiri linatakiwa kufundisha, na kurudia kunataka msomaji wa kukuambia wapi sentensi imepinda.

Sisemi vijana wasisome. Kozi hizi zinakuzoesha kusoma polepole na kutetea kila neno ulilochagua, na hilo si haba. Ila ada ya mwanafunzi wa kigeni si mchezo. Kabla hujalipa, waandikie uwaulize: nani atasoma Kiswahili changu? Wakisema watatafuta msimamizi wa pili kutoka chuo kingine, nenda. Wakisema Kiingereza kinatosha, elewa kwamba unauziwa nusu ya kozi kwa bei nzima.

Na sisi tuliokwisha kusoma tujitolee kuwa hao wasomaji. Tusipowasomea vijana wetu, tutamlaumu nani?