Safari ya Kielekezi

Ukibonyeza mshale wa juu kwenye terminali, programu haipati mshale wowote. Inapokea baiti tatu zinazofuatana: 27, 91 na 65. Hiyo 27 ndiyo Escape, na kitufe cha Escape kikibonyezwa peke yake hutuma 27 hiyohiyo. Sasa programu itajuaje kama mtu amebonyeza Escape au kama mshale bado uko njiani? Haina wa kumwuliza, inabidi isubiri. Isiposubiri vya kutosha na mtandao ukawa wa kusuasua, mshale hukatika vipande, na “[A” ikajikuta katikati ya barua ya mtu. Ikisubiri mno, kila Escape huchelewa, na mikono ya mtumiaji huhisi uzito huo hata kabla akili haijautambua. Maktaba ya ncurses, isipoelekezwa vingine, husubiri sekunde 1 nzima. Kwangu mimi hiyo imezidi.

Ustadi unaonivutia zaidi uko upande wa pili, pale programu inapokisogeza kielekezi. Bill Joy alipokuwa akiandika kihariri cha vi huko Berkeley, Marekani, mwaka 1976, alifanya kazi nyumbani kwa modemu ya kasi ya biti 300 kwa sekunde, yaani herufi 30 hivi kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 yenye nafasi 80 ina herufi 1,920. Kuichora yote upya kungechukua zaidi ya dakika. Kwa hiyo vi hupiga hesabu kabla ya kuhama. Je, rahisi ni kutaja mstari na nafasi moja kwa moja? Au kurudi mwanzo wa mstari, kisha kushuka? Wakati mwingine njia fupi kupita zote ni kuandika tena herufi zilezile zilizopo tayari, ili kielekezi kisogee kulia juu yake. Msomaji haoni chochote kilichobadilika. Nauheshimu sana ubahili wa namna hiyo. Ken Arnold aliuchukua msimbo huo wa kusogeza kielekezi akajengea maktaba ya curses, na programu nyingi zikanufaika.

Anayetaka kuona kazi hii kwa karibu asome kilo, kihariri cha Salvatore Sanfilippo cha mwaka 2016. Hakifiki mistari 1,000 ya C, ukiacha maelezo na mistari mitupu. Tafuta mahali kinaposoma kitufe: baada ya 27 husubiri sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha huamua. Anzia hapo.